Ndoto za Alinacha

Msemo huu wa "ndoto za Alinacha" umeenea sana, nao husemwa juu ya mtu atumainiye makuu yasiyoweza kuwa. Lakini naona wengi huutumia pasipo kukijua kisa chenyewe, na hivyo huwaumiza watu wasiostahili.

Alinacha ni ndugu wa tano wa kinyozi katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Kwa Kiarabu ni Al-Nashshar. Matamshi yetu yakaribia yale ya Antoine Galland, Mfaransa aliyeanza kuzitoa hadithi hizo kwa lugha yake mwaka 1704. Alirithi dirhamu 100, akanunua vyombo vya kioo, akavitia katika kapu, akaketi kungoja wanunuzi. Hapo akaanza kuhesabu: 100 zitakuwa 200, na 200 zitakuwa 400, hata zifike 100,000. Ndipo atakapomwoa binti wa Waziri. Naye, ili amwonyeshe ukuu wake, hatamtazama, bali atampiga teke. Basi mguu ukaruka kweli, ukalipiga kapu, vyombo vyote vikavunjika.

Na tutazame sana hapo. Kuhesabu faida si kosa. Kila mchuuzi hufanya hivyo. Vyombo vilikuwapo, na wanunuzi wangalikuja. Kilichovivunja ni lile teke, yaani dharau ya mtu aliyejiona mkuu kabla hajauza hata bilauri moja. Kijana auzaye shamba aliloachiwa na baba yake, apate kushona nguo za kibwana kwa ajili ya kazi ambayo hata hajaiomba, huyo ni Alinacha hasa.

Lakini mjane alimaye mihogo na kuweka akiba kidogo kidogo ili bintiye asome hata awe daktari, mbona jirani humcheka kwa jina hilo? Yeye hakupiga kapu teke, amekaa kulilinda. Labda hatafanikiwa, lakini hilo ni jambo jingine. Hata ile methali ya "usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa" haimhusu, maana hajakata kitu.

Tena wachekaji husahau kwamba kisa hakikuishia kwenye vigae. Alinacha alipokuwa akilia, alipita bibi mmoja, akamhurumia, akaamuru apewe dinari 500, nazo zilipita mbali thamani ya kapu lote.