Vita Vipi Vinastahili Jina la Dunia?

Jina la vita ni hukumu. Watunzi wa tenzi za Kiswahili walilijua jambo hili. Hemedi bin Abdallah el Buhry, alipotunga habari za mapambano ya watu wa Mrima, aliviita vita vya Wadachi, akavitaja kwa wale waliovileta. Shaaban Robert, katika utenzi uliotoka kitabuni mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, aliviita vita vya 1939 hata 1945 Vita vya Uhuru, akavitaja kwa tumaini lililokuwamo. Jina la "vita vya dunia" halimtaji aliyevileta wala halitaji tumaini. Hutaja ukubwa tu, na ukubwa huo hupokewa bila kuulizwa umepimwaje.

Kipimo cha kawaida ni wingi wa dola kubwa zilizopigana na wingi wa mabara zilikopigania. Kwa kipimo hicho wako wanaotaka Vita vya Miaka Saba, 1756 hata 1763, viingizwe katika hesabu, maana vilipiganwa Ulaya, Amerika, Bara Hindi na hata Senegali. Kasoro ya kipimo hiki ni kwamba huwahesabu wenye ugomvi, kikawasahau wasio na ugomvi. Yafaa swali liulizwe mahali palipo mbali na viti vya enzi. Karema, katika mkoa wa Katavi, magharibi ya Mpanda, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ni mahali pa namna hiyo.

Mwaka 1914 wavuvi na wakulima wa ufuko huo hawakuwa na neno na mfalme yeyote wa Ulaya. Hata hivyo ziwa lao liligeuka uwanja wa vita. Wajerumani walikuwa na Kingani na Hedwig von Wissmann, na mwaka 1915 wakaongeza Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande hata Kigoma. Waingereza nao walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, zikatoka Uingereza kwa bahari, zikapita bara kwa reli na kukokotwa milimani, hata zikafika ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Kingani ilitekwa tarehe 26 Desemba 1915. Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi wa Julai, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Wasimulizi hupenda habari za vyombo hivyo, wakawapita wapagazi kwa mstari mmoja. Lakini katika Afrika ya Mashariki Waingereza peke yao waliwatwaa wapagazi wapata milioni moja, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ulaya iliweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alizikabidhi zake Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Hata amani ilichelewa kuwafikia wasioutaka ugomvi.

Basi vita vya dunia ni vile vinavyowatwika mzigo watu wa pande nyingi zisizojuana, ambao hawakuwa na shauri katika chanzo chake. Kwa kipimo hiki Maji Maji haviingii, ijapokuwa vilikuwa vikali, kwa sababu ugomvi wa kodi na pamba ulikuwa wa wapiganaji wenyewe. Vita vya 1939 vinaingia: askari wa Afrika ya Mashariki walipelekwa hata Burma, na wakimbizi wa Poland wakaletwa Tengeru. Vita vya Miaka Saba havikugusa Karema, lakini Karema peke yake haiwezi kuihukumia dunia. Mhindi na Msenegali nao waulizwe, na huenda jibu lao likavipa vita hivyo nusu ya jina.

Vita vya Kongo vya 1998 hata 2003 ni mtihani mgumu zaidi. Viliwaka ng'ambo ya ziwa hilo hilo, vikaingiza majeshi ya Rwanda, Uganda, Burundi, Angola, Zimbabwe na Namibia, na wako walioviita vita vya dunia vya Afrika. Kwa haki, hivyo ni vita vya bara. Lakini hapa ndipo penye hatari: jina likigeuzwa cheo, wafu wa vita visivyo na cheo husahauliwa. Jina la dunia si nishani ya kuvipamba vita. Ni hati ya deni, na anayelitamka bila kumtaja mpagazi ameisoma nusu yake tu.