"Taji" Si Jina la Kila Kivaliwacho Kichwani

Mtafsiri wa hadithi za Urusi akutanapo na neno kokoshnik, ambalo hapa tutaliandika kokoshniki, hushawishika upesi kuandika "taji". Sababu yaeleweka: vazi hilo huinuka juu ya paji la uso, nalo aghalabu limedariziwa kwa zari na kupambwa kwa lulu za mito ya kaskazini. Hata hivyo, kwa maoni yetu tafsiri hiyo haifai.

Kwanza, taji ni alama ya enzi, ilhali kokoshniki ilivaliwa katika sikukuu na wake wa wakulima na wafanyabiashara pia. Mwaka 1834 Mfalme Nicholas I aliiingiza katika mavazi rasmi ya mabibi wa jumba lake, lakini amri hiyo haikuigeuza kuwa taji. Jina lenyewe latokana na neno la kale la Kirusi lenye maana ya kuku.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, vazi la kichwani lilitangaza hali ya mwanamke. Mwanamwali alivaa ukanda ulioacha utosi wazi, na msuko wake mmoja ukaonekana na wote. Aliyeolewa alisukwa misuko miwili, ikafichwa chini ya kokoshniki, kika au soroka. Tena, katika ndoa ya Kanisa la Kiorthodoksi yamo mataji halisi wanayovikwa bwana na bibi arusi. Kwa desturi, baada ya ibada hiyo ndipo bibi arusi alipobadilishiwa msuko na kuvikwa vazi la mke. Mtafsiri wetu ataandika kwamba alivuliwa taji, akavikwa taji. Na msomaji hatatambua kwamba hapo ndipo usichana ulipokoma.

"Kilemba" nacho hakifai, maana hicho ni kitambaa cha kuzungushwa kichwani, na kokoshniki ni vazi gumu lililokwisha kushonwa.

Hivyo twapendekeza: "kokoshniki", katika ngeli ya i-/zi-, "kika" na "soroka" yabaki yalivyo, kwani yaafiki matamshi yetu, "ukanda wa mwali" kwa vazi la wasichana, na "taji" libakie la arusi na la ufalme. Katika ufundi wenyewe hatuna haja ya kukopa: darizi, zari na lulu ni maneno tuliyo nayo tangu zamani.