Momella katika Senema na katika Kitabu

Macho ya msafiri aghalabu hutanguliwa na hadithi. Kabla mgeni hajaliona ziwa, amekwisha kulisikia. Na kabla hajalala hotelini, amekwisha kuonyeshwa picha ya dirisha lake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama nchi fulani inapendeza. Hapana budi kuuliza pia ni nani aliyemfundisha mgeni kupendezwa nayo, na katika mafundisho hayo ni nini kilichoachwa. Swali hili laweza kujaribiwa vema upande wa mashariki wa Mlima Meru, mahali paitwapo Momella, kwa sababu nchi ile na jirani yake zimezaa kazi mbili katika miaka ya karibu karibu. Moja ni senema ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Ya pili ni kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, The Meru Land Case, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Kazi ya kwanza imewaleta wageni wengi. Ya pili ni wachache mno kati yao walioisikia.

Uzuri wa mahali penyewe hauna ubishi. Aliyelala Engutoto au katika hoteli kubwa za mjini Arusha huamka akauona mlima upande wa kaskazini, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Akiifuata barabara ya Moshi mpaka karibu na Usa River, kisha akakata kushoto, huingia katika hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, ikapanuliwa na kuitwa Arusha mwaka 1967. Huko yuko mbega arukaye kwa joho lake jeupe na jeusi, lipo shimo la Ngurdoto lenye nyati chini yake, na yapo maziwa ya magadi ambayo heroe huyapaka rangi ya waridi. Mawingu yakitanzuka, Kilimanjaro hujitokeza ng'ambo ya maji. Nchi ya namna hii humrahisishia kazi mpiga picha, na kwa sababu hiyo hiyo humtia mtegoni: aweza kuridhika na kilichokwisha kupendeza bila yeye.

Howard Hawks, aliyeongoza senema ya Hatari!, hakuridhika na mandhari tu, na haki yake apewe. Yeye na wachezaji wake, John Wayne, Elsa Martinelli, Hardy Krüger na wenzao, walifanya kazi nchini Tanganyika kati ya mwaka 1960 na 1961. Kisa chao ni chembamba: kundi la watu linakamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na kati ya windo moja na jingine wanataniana na kupendana. Lakini mbio zenyewe si za uongo. Gari linakwenda kasi uwandani, mtu ameketi katika kiti kilichofungwa mbele yake, mkononi ana mti wenye kitanzi, na kifaru anakuja na pembe yake ubavuni. Wachezaji waliifanya kazi hiyo wenyewe mbele ya kamera ya Russell Harlan, na mtazamaji huliona vumbi, jasho na woga usioweza kuigizwa. Katika sehemu hizo senema hiyo ni sanaa ya kweli.

Upungufu wake uko penginepo. Jina lake ni neno la Kiswahili, tena lenye alama ya mshangao. Lakini wenye neno hilo wamebaki pembezoni mwa kisa. Wapo wanaoendesha, wanaofunga kamba, wanaopika na wanaocheka. Hata yule apewaye jina hapewi haja: hapana jambo analolitaka, analolikosa au analoliogopa kwa nafsi yake, ambalo hadithi ingesimama kulingojea. Mahali penye dhihaka kubwa ni pale bibi mpiga picha, mlezi wa watoto wa ndovu, anapopokewa na Waarusha na kuitwa Mama Tembo. Waarusha ni watu wa lugha ya Kimaasai, lakini jina wanalompa ni la Kiswahili. Na msemaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu, maana tembo ni mnyama na tena ni pombe. Mzaha huo ungaliweza kuwa mali ya senema kama ungalijulikana kwa waliomo. Haukujulikana. Utamaduni uliitwa uje kumvika mgeni joho, kisha ukaambiwa uondoke.

Hapo ndipo kitabu cha pili kinapodai nafasi yake. Mwishoni mwa mwaka 1951, miaka tisa tu kabla ya kamera kufika, serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, kaskazini ya Momella, ili ardhi yao iwe malisho ya ng'ombe wa walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto na mifugo ikafukuzwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, aliyapeleka malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Madai yalipata wengi wa kuyaunga mkono, lakini katika Mkutano Mkuu hayakutimiza theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Kesi ilishindwa kwa hesabu. Ila habari yake ilienea Tanganyika nzima, ikawafunza watu kudai kwa sauti moja.

Kitabu hicho ni cha madai, si cha mapambo, wala hakimvuti msomaji kwa utamu wa lugha. Nguvu yake ni kwamba ndani yake ardhi ina wenyewe. Mto ni wa kunyweshea, nyasi ni za ng'ombe wa mtu fulani, na moshi uonekanao si wa jioni njema. Yafaa kutazama pia kinyume kimoja cha ajabu: senema iliyotengenezwa kwa wasemao Kiingereza ilijipamba kwa jina la Kiswahili, na kitabu cha Mmeru kilibidi kiandikwe kwa Kiingereza ili kisikilizwe.

Mtu aweza kupinga akasema kuwa senema ya kuchekesha haina wajibu wa kugeuka hati ya mashtaka. Pingamizi hilo ni la haki. Hakuna amtakaye Hawks aifilisi furaha yake. Lakini kucheka hakumzuii mtungaji kumwona jirani, na hadithi yenye watu wa kweli huchekesha zaidi kuliko yenye vivuli. Tena kosa la senema halikuishia kwenye pazia. Krüger aliipenda nchi, akanunua shamba Momella na kujenga nyumba za wageni, akakaa hadi miaka ya 1970. Katika miaka ya 2000 pakafunguliwa hapo hoteli iitwayo Hatari Lodge, iliyopambwa kwa mtindo wa miaka ile ya senema. Ni nyumba ya ladha njema, na twiga hupita mbele ya baraza. Hata hivyo kumbukumbu inayotunzwa humo ni ya miezi michache ya wapiga picha, na anayelala humo huhesabu historia ya mahali kuanzia siku John Wayne alipofika.

Jambo hili si dogo, wala si geni. Mwaka 1970 Watanzania walibishana magazetini juu ya utalii katika nchi iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha miaka mitatu nyuma, na mwaka 1973 Issa Shivji akayakusanya mabishano yale kitabuni. Wengine walihesabu fedha za kigeni; wengine waliogopa mwenyeji asigeuzwe mtumishi katika picha ya mtu mwingine. Tangu miaka ya 1990 vijiji kama Ng'iresi na Mulala, mitelemkoni mwa Meru, vimejaribu jibu: mgeni hutembezwa shambani na mwenye shamba, akaambiwa habari ya mgomba, ya ng'ombe na ya jibini. Ubora wa ziara hizo haumo katika ngoma ziwezazo kuchezwa popote. Umo pale mwenyeji anaposema jambo lake mwenyewe.

Basi kipimo cha safari ya starehe na cha sanaa ni kimoja: je, aliye ndani ya picha ana haja yake? Senema ya Hatari! itatazamwa bado kwa mbio zake, na inastahili. Ila rafu ya vitabu hotelini ina nafasi ya kitabu cha Japhet na Seaton, na tafsiri yake ya Kiswahili ingekuwa deni lililolipwa. Njia ipitayo kando ya maziwa haiishii barazani. Huendelea hadi Ngare Nanyuki, ambako Wameru leo wanalima nyanya katika ardhi iliyowahi kutiwa moto.