Mtoto na Mzigo Wake: Uhakiki wa Dhana ya Lengo katika Maelezo ya Burton kuhusu Wapagazi wa Kinyamwezi

Richard Burton alifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857 akiwa na John Hanning Speke. Katika The Lake Regions of Central Africa, kilichochapishwa London mwaka 1860, anawataja watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba waliokwishaanza kubeba pembe ndogo za ndovu mabegani. Anachokiona hapo ni silika: anawafananisha na vitoto vya mbwa wa kuwinda, vinavyozaliwa na kazi yao. Ulinganisho huo ni tusi. Kwa mtafiti wa tiba kwa vitendo, hata hivyo, ni pia kosa la kiuchambuzi.

Kosa hilo linafichuliwa na Burton mwenyewe. Pembe ndogo haijichagui. Yupo mtu mzima aliyeukadiria uzito kulingana na bega la mtoto. Tena, kitabu hichohicho kinaeleza jinsi furushi la nguo lilivyofungwa pamoja na vijiti vilivyoachwa vichomoze upande mmoja mithili ya panda, ili liegemezwe mtini na mpagazi asilazimike kuinama wakati wa kujitwika. Pembe iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Huo ni ufundi wa kuirekebisha kazi ili imfae mbebaji, na ufundi hufundishwa. Burton aliandika ushahidi wote, kisha akaamua kinyume chake.

Tiba kwa vitendo inayoongozwa na malengo inasimama juu ya misingi hiyo miwili: kupanga ugumu kwa hatua na kurekebisha kazi. Kipimo cha utendaji kilichochapishwa Kanada mwaka 1991 humtaka mtoto au mlezi wake ataje shughuli anazozihitaji, kisha azipe alama 1 hadi 10 kwa namna zinavyotendeka na kwa anavyoridhika. Mizani ya Kiresuk na Sherman ya mwaka 1968 huandika matokeo kuanzia -2 hadi +2, sifuri ikiwa ndiyo matarajio. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, basi, "kunyoosha kiwiko" si lengo la kutosha; kuchota maji kwa kata na kuyamimina bila kuyamwaga ni lengo, kwa kuwa nyumbani huonekana na kila mtu, hata bibi asiyejua kusoma fomu.

Hata hivyo, msafara usipambwe kupita kiasi. Upagazi, kwa maelezo ya Burton, ulikuwa kipimo cha uanaume; lengo lilikuwa limekwishawekwa kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto asiyeweza kutembea hayumo katika maelezo hayo ya mafunzo ya upagazi. Ukimya huo hauthibitishi kwamba hakuwapo Unyanyembe. Unaonyesha tu kwamba jicho la mwandishi lilimhesabu mtu kwa mzigo wake. Jicho hilo halijafumba. Linaonekana kila lengo la tiba linapoandikwa ili mtoto "asiwe mzigo", kana kwamba nafuu ya mlezi na haja ya mtoto ni kitu kimoja. Nafuu ya mama ni halali, na yafaa iandikwe, lakini kwa jina lake.

Tabora inalifanya suala hili kuwa zito zaidi. Hapo ndipo Kanisa Katoliki lilipoanzisha, mwaka 1963, shule ya kwanza ya viziwi nchini. Mtoto kiziwi angeweza kuubeba mzigo wa msafara sawa na wenzake, na kwa kipimo cha Burton asingepungukiwa na chochote. Anachoweza kukikosa ni lugha ya kuulizwa anataka kufanya nini. Hapa mbinu ya malengo inabanwa na sharti lake lenyewe, kwa sababu kabla ya alama yoyote kuna mahojiano. Rekodi ya tiba inayoonyesha lengo na alama pekee, pasi na kueleza swali liliulizwa kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi au kwa lugha ya alama, na jibu lilitolewa na nani, inamwacha mtafiti bila njia ya kujua kama lengo hilo ni la mtoto au la aliyemleta.