Vilima vya Samaki

Mtaalamu mmoja wa uvuvi niliyemfahamu Mwanza, ambaye sasa amestaafu, alikuwa hafungui kompyuta mpaka ajaze karatasi ya miraba. Alishinda mwaloni na ubao wa kupimia. Sato mmoja mmoja alilazwa pale, akasomwa sentimita zake, na kijana wa pembeni akachora kijistari. Jioni vijistari viligeuka vilima: kilima cha wadogo, bonde, kilima cha wakubwa. Mwezi uliofuata alipima tena, akatazama kilima kilivyosogea kulia. Kwa mwendo huo alijua samaki wanakua kwa kasi gani.

Wenzake wa Ulaya walikuwa na njia nyepesi zaidi. Wao hutoa kijiwe kilicho ndani ya sikio la samaki na kuhesabu pete, maana majira ya baridi huacha alama kila mwaka. Ziwa letu la Victoria halina baridi ya namna hiyo na pete za samaki wake ni za kubabaisha, kwa hiyo umri tunautafuta katika urefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Daniel Pauly alishiriki kuitengenezea kazi hiyo programu, ELEFAN, ikaenea nchi za joto. Mzee wetu aliitumia vizuri tu. Ila ikimpa jibu linalogombana na vilima vyake, alirudi mwaloni.

Kutoka kwenye vilima zilizaliwa herufi chache: kasi ya kukua, vifo vya asili, vifo vya nyavu. Ziwa zima, na dhoruba zake, na magugumaji, na walanguzi wake, linakaa katika mistari miwili ya hesabu! Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mzee ulikuwa wa kukiri: hiki nimekichukulia hivi, kile sikukihesabu. Sijaona uungwana wa kitaalamu unaopita huo.

Ufundi huu una deni kwa Ziwa Victoria. Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham alikuja kuchunguza samaki aina ya ngege waliokuwa wakipungua, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Mwaka 1935, akiwa kwao, aliueleza uvuvi wa Bahari ya Kaskazini kwa hesabu: samaki wakiwa wachache mno huongezeka kidogo, wakijaa mno huongezeka kidogo pia, na ongezeko kubwa liko katikati. Vijana wake wa maabara ya Lowestoft, Uingereza, Beverton na Holt, waliipeleka kazi hiyo mbali zaidi katika kitabu kinene cha mwaka 1957. Huku kwetu, miaka hiyohiyo, sheria ya inchi 5 ilikuwa ikitupwa. Ngege wakaisha, na sangara aliyepandikizwa akamalizia.

Leo tunacho kiashiria 14.4.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaani sehemu ya akiba za samaki wa baharini zinazovuliwa kwa kiwango kinachohimilika. FAO inasema zilikuwa asilimia 90 mwaka 1974, na asilimia 64.6 mwaka 2019. Ni tarakimu nzito, zimebeba jasho la watu wengi, nasi tunazipitisha kwenye slaidi kwa sekunde chache. Kanada walikwisha kulipia haraka ya namna hii. Samaki wa cod waliobaki Newfoundland walijikusanya pamoja, meli zikaendelea kujaza, na wingi wa mavuno ukasomwa kuwa ni wingi wa bahari. Julai 1992 uvuvi huo ukafungwa.

Siku hizi nikipewa ripoti naanza kutafuta ule ukurasa wa kukiri. Mara nyingi haupo. Niliwahi kumuuliza kijana aliyeandaa tathmini ya dagaa wa ziwani kiwango cha vifo vya asili amekitoa wapi. Akasema programu ilikuja nacho: 0.2 kwa mwaka, tarakimu waliyoizoea watafiti wa cod kaskazini mwa Atlantiki. Dagaa maisha yake ni mafupi mno, hufa kwa wingi hata pasipo nyavu. Kwa tarakimu ile, karibu kila dagaa aliyekufa aliandikwa kwenye hesabu ya wavuvi, na kisanduku cha ripoti yake kikatoka chekundu, yaani dagaa wanavuliwa kupita kiasi.