Safari Ipangwayo Kutoka Mkiani

Aghalabu mtu atazamaye kundi la wapanda baiskeli likipita taratibu katika vijia vya mashamba ya Uingereza, siku ya Jumapili ya kiangazi, wawili wawili wakizungumza kana kwamba hawana haja ya kufika popote, hudhani kwamba safari ile haikuhitaji tadbiri yoyote ghairi ya hewa njema na tairi zilizojaa upepo. Lakini akiichungua toka mwanzo wake, pale mezani ilipokunjuliwa ramani, hata mwisho wake wakati wa alasiri, ataona kwamba utulivu ule ni kazi iliyofanywa na watu, na kwamba jambo lililoongoza kila uamuzi, tangu uchaguzi wa njia hadi saa ya chai, ni hali ya yule mpandaji wa mwisho kabisa. Muradi wangu ni kuonyesha jinsi hayo yafanywavyo, na mfano nitakaoushika ni safari ya siku moja ya mwezi wa Juni itokayo Ipswich, mashariki ya Uingereza, kwenda Lavenham na kurudi, mwendo wa kilomita 70 hivi kwa vijia vya Suffolk.

Taratibu hizi zina umri mrefu. Mwaka 1878 Stanley Cotterell alianzisha mjini Harrogate chama kilichoitwa Bicycle Touring Club, kikageuza jina mwaka 1883 kuwa Cyclists' Touring Club, nacho leo chajulikana kwa jina la Cycling UK. Chama hicho kiliweka wajumbe wake mijini wa kumweleza msafiri hali ya barabara, kikaziidhinisha nyumba za wageni kwa kuzitundikia alama ya gurudumu lenye mabawa, tena kikasimamisha vibao vya hadhari juu ya vilima vikali wakati ambapo serikali haikujishughulisha na jambo hilo. Leo kazi ile ya vibao imehamia katika ramani za Ordnance Survey, ambazo katika kipimo cha 1:50,000 huchora mstari wa mwinuko kwa kila mita 10, na kilima kikali hukitia mshale mmoja barabarani, au miwili ikiwa mteremko wapita moja kwa tano.

Kirangozi wa safari huanza na upepo. Upepo uvumao zaidi Uingereza ni ule utokao kusini-magharibi, na kwa hiyo yafaa asubuhi, miguu ingali na nguvu, kundi lielekee magharibi likiukabili, ili baada ya chakula lirudi mashariki likisukumwa mgongoni. Hesabu yake ni wazi: ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya hewa impigayo mpandaji, hata aendaye kilomita 18 kwa saa katika hewa tulivu, akipigwa usoni na upepo wa kilomita 18 kwa saa, hukinzwa na hewa kwa nguvu mara nne ya ile ya kwanza. Aliye hodari huyavumilia hayo saa yoyote. Aliye dhaifu, akiyapata saa kumi alasiri baada ya kilomita 50, huvunjika moyo na miguu pamoja. Na kwa kuwa Suffolk imepakana na bahari, siku ya joto kali upepo wa baharini huweza kugeuka mchana na kuvuma kutoka mashariki, hivyo kirangozi makini huacha akiba ya wakati katika nusu ya pili ya safari, na huchagua huko vijia vyenye ua mrefu wa miti pande zote mbili.

Baada ya upepo huja njia. Barabara kuu ya A1071 ingewafikisha Hadleigh upesi, lakini magari ya barabara ile hayamwachi mtu azungumze na mwenziwe, seuze kusita apumue. Basi hutoka kwa Sproughton na Burstall, katika vile vijia ambavyo ramani huvipaka rangi ya manjano, vilivyopinda kwa kuifuata mipaka ya mashamba ya kale, na upana wake aghalabu hautoshi magari mawili kupishana. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 2000 iliziruhusu serikali za mitaa kuvitangaza baadhi ya vijia hivi kuwa Vijia Vitulivu, na Suffolk imevitangaza vingi. Hata hivyo tangazo lenyewe halimkatazi mwenye gari kupita. Tena kiangazi kina hatari yake mahsusi, kwani wakulima hawakati nyua zao kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti ili ndege watage kwa salama, na majani yaliyofura huziba kona hata trekta haionekani mpaka ipo mbele ya macho. Ndiyo sababu ya zile sauti zipokezanwazo kundini, "Gari mbele!" au "Gari nyuma!", ambazo kila mmoja ni sharti azirudie mpaka ziwafikie wote. Kanuni za barabara, kama zilivyorekebishwa Januari 2022, zasema wazi kwamba kwenda wawili sambamba ni halali na pengine ni salama zaidi, hususan kwa kundi kubwa au lenye wanagenzi, maadamu wawe tayari kuwapisha walio nyuma yao inapokuwa salama.

Sasa nifikie kile nikionacho kuwa kiini cha ufundi wote, nacho ni mlinzi wa njia panda. Kirangozi afikapo pachaguliwapo njia, humwonyesha mpandaji wa pili mahali pa kusimama, naye husimama pale, akiwaelekeza wapitao, mpaka amwone mfunga msafara, ambaye amechaguliwa tangu asubuhi na hujulikana na wote kwa uso na kwa rangi ya nguo. Hapo ndipo huondoka. Njia panda ifuatayo, aliyekuwa wa tatu amekwisha kuwa wa pili, naye atasimama kwa zamu yake. Faida ya kwanza ni dhahiri: hakuna apoteaye, na hapana haja ya kundi zima kusimama kila kona. Faida ya pili ndiyo inipendezayo zaidi, kwa kuwa walio na kasi, wapendao kukaa mbele, ndio washikwao kwanza kuwa walinzi, na kila ashikwaye hujikuta mwishoni pamoja na walio taratibu, akisafiri nao kitambo na kuongea nao, kabla ya kupanda tena mbele kwa nguvu zake. Basi nguvu za hodari hutumika bila ya mtu kumwambia apunguze mwendo, na dhaifu hapati kuwa peke yake wala kuona kwamba wenziwe wamechoka kumngoja.

Utaratibu huu una kikomo chake. Katika watu kumi na wawili, ukimtoa kirangozi na mfunga msafara, hubaki kumi. Kundi likivutika mpaka njia panda kumi zikawa kati ya wa kwanza na wa mwisho, kirangozi hana tena wa kumweka. Karibu na vijiji, ambako vijia hukatana kwa ukaribu, humbidi asite awakusanye wote. Na taksiri moja tu huuvunja utaratibu mzima, nayo ni mlinzi kuondoka kwa kudhani kwamba wote wamepita.

Suffolk husemwa kuwa tambarare, na ni kweli kwamba kilele cha mkoa mzima hakizidi mita 128, lakini mabonde ya mto Brett humpandisha na kumshusha mtu siku nzima. Kersey ndipo mahali pa kujaribiwa: barabara yashuka toka kanisani hadi kijito kikatacho barabara yenyewe, kisha yapanda mara upande wa pili. Chini ya maji mna utelezi, basi anayeshauri vema huwaambia watu washuke waikokote baiskeli pembeni, nao walinzi husimama juu ya kilima, wala si chini, ili apandaye kwa shida asikae katikati ya njia.

Kupita Lindsey na Milden hufika Lavenham adhuhuri, mnara wa kanisa lake, wenye mita 43 hivi, ukiwa umeonekana tokea mbali. Chakula kisiwe kizito. Kurudi ni kwa Preston St Mary, Kettlebaston, Bildeston na Offton, na hapa mimi hupenda kumwona kirangozi akimwachia mfunga msafara amri ya mwendo, maana yeye ndiye ajuaye nani amekwisha kunyamaza, na mtu aliyeacha kuzungumza amekwisha kuchoka. Mwendo wa kilomita 18 kwa saa, pamoja na vituo vitatu, huwarudisha saa 10:30 kwa waliotoka saa 3:30 asubuhi. Na kwa kuwa jua la Juni huko halitui mpaka baada ya saa tatu usiku, pancha mbili au tatu hazimtishi mtu. Somersham wote husimama. Kuanzia hapo wengine watakata njia kwenda makwao, na kila aondokaye hana budi kumuaga mfunga msafara kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sababu hesabu ya vichwa ni yake, naye hataondoka Bramford mpaka iwe imetimia.