Kumfadhili Mbwa: Upungufu wa Methali Moja

Methali yetu husifu kumfadhili mbuzi, ambaye mwishowe utakunywa mchuzi wake, kuliko binadamu mwenye maudhi. Uzuri wake ni ukali wa mzaha. Upungufu wake ni kuupima wema kwa chungu. Tuipeleke Msamvu, penye stendi ya mabasi ya Morogoro, tumweke mbele yake mtu ajitoleaye kuokoa mbwa koko. Huyu hangoji mchuzi. Humlisha mnyama amwonyeshaye meno, naye aokoapo mmoja huwaacha wengi nyuma. Kichaa cha mbwa kina chanjo, na mji una waganga wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichoanzishwa 1984. Lakini chanjo huukinga mwili, haiukingi moyo. Huzuni hiyo methali haiijui.

Afadhali ile nyingine: Mbwa hafi maji akiona ufuko. Kwa kawaida husomwa kuwa sifa ya matumaini; mimi naona yamtaja pia yule aliye ufuko. Malipo yake ni siku ile mbwa aliyezoea kukimbia mawe amfuatapo kwa hiari. Wala wema huu si mgeni kwetu: hadithi ya Mtume ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa, yajulikana pwani nzima. Iliyobaki kutungwa ni methali ya mfadhili asiyetaka mchuzi.